Kuziba Sikio Lisizibike

Katika Kiswahili, kusikia si kazi ya sikio pekee. Mtu husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi na husikia uchungu. Mtoto mwenye adabu huitwa msikivu. Watu wawili wanapoafikiana juu ya jambo, husemwa kuwa wamesikilizana. Kinyume chake, mkaidi asiyetaka kuonywa husemwa kuwa ametia pamba masikioni, na anapozidi kupotoka wahenga humfungia kesi yake kwa kauli moja: sikio la kufa halisikii dawa. Ni bayana kwamba lugha imeliweka sikio lililo wazi upande wa utu na busara, na sikio lililozibwa ikaliweka upande wa ukaidi na maangamizi.

Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo mkaidi ndiye yule anayeliacha sikio lake wazi. Kazi hiyo ni kuendesha pikipiki, na mahali pa kuitazamia vyema ni Mikinduri.

Mikinduri ni mji mdogo wa soko katika eneo la Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Miraa, majani chai, mahindi na maharagwe hutoka katika mashamba yaliyotapakaa mabondeni na vilimani, na baina ya shamba na soko kuna vijia ambavyo gari haliwezi kuvipita. Kabla ya pikipiki kuenea, mizigo ya namna hiyo ilibebwa kwa mgongo wa mwanamke, kwa punda au kwa baiskeli. Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa mbali na Meru, kule Busia, ambako katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha watu mpakani baina ya Kenya na Uganda, na neno la Kiingereza la mpaka likatamkwa mara mbili mbili likawa jina la kazi. Lakini bodaboda ya injini ilishika kasi nchini Kenya baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250. Tangu hapo, kijana aliyemaliza shule bila kupata ajira hakukosa steji ya kuketi akimsubiri abiria.

Miongoni mwa vijana hao kulikuwa na mmoja aliyeingia katika kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 20. Miaka 11 baadaye alikuwa bado yupo. Alikuwa mtu makini. Kofia yake ya kinga aliivaa, jaketi lake la kumeremeta halikumtoka mwilini, na leseni yake haikuwahi kupitwa na wakati. Mchana aliwabeba abiria wa karibu, na alfajiri alikuwa na kazi nyingine yenye malipo mazuri zaidi: kuwapeleka watu na vifurushi hadi mji wa Meru au Maua kwa barabara ya lami, kwa mwendo usiostahimili mzaha. Mwili wake aliulinda kila upande, isipokuwa mahali pamoja ambapo hakujua kwamba palihitaji ulinzi.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya kwanza ilikuwa mlio mwembamba, mfano wa nyenje, uliomjia usiku alipolaza kichwa kitandani. Mwanzoni alidhani ni nyenje kweli. Kisha akatambua kwamba mlio haukutoka nje ya dirisha, bali ulitoka ndani ya kichwa chake, na kwamba kila baada ya safari ndefu ulizidi. Asubuhi ulipungua, naye akausahau. Dalili ya pili ilikuwa simu. Wateja wake walimpigia kumwita, naye akaanza kuwaomba warudie maneno. Akailaumu simu, akailaumu mitambo ya mawasiliano, akawalaumu wateja kwa kusema chini chini. Hakulilaumu sikio.

Dalili ya tatu ndiyo iliyomtikisa. Binti yake alikuwa amepewa na mwalimu orodha ya maneno ya Kiswahili ili ajiandae kwa imla. Jioni hiyo mtoto alisimama upande wa pili wa meza, akawa anasoma neno huku baba akilifuata kwa sikio ili aeleze maana yake.

"Suka," akasema mtoto.

"Fuka ni kutoa moshi," baba akajibu.

"Baba, si fuka. Ni suka."

Likaja neno la pili, *sumbua*, naye akalieleza kama *fumbua*. Likaja *thamani*, naye akaanza kueleza habari za viti na meza. Mtoto akacheka, akidhani baba anafanya utani. Mama mtu, aliyekuwa jikoni, hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona kwa muda mrefu kwamba mumewe hujibu maswali ambayo hakuulizwa.

Mwanafunzi yeyote wa fonetiki na fonolojia ataona mara moja kwamba makosa ya baba huyu hayakuwa ya kubahatisha. Irabu zote alizisikia barabara. Nazali hazikumpotea. Kilichompotea ni vikwamizo sighuna, yaani [f], [s], [θ] na [ʃ], sauti ambazo hutokea kwa hewa kukwaruzika katika mwanya mwembamba bila msaada wa mtetemo wa nyuzi za sauti. Irabu hubeba nguvu nyingi ya sauti, na nguvu hiyo imo zaidi katika masafa ya chini. Vikwamizo sighuna ni dhaifu, na sehemu kubwa ya nguvu yao iko juu, katika maelfu ya hezi. Sasa, sikio linaloharibiwa na kelele aghalabu huanza kuharibika katika masafa ya baina ya hezi 3,000 na 6,000, na hasa karibu na 4,000. Kwa hiyo mwathiriwa hasemi kwamba hasikii. Husema kwamba watu wanamumunya maneno. Anasikia kwamba mtu anazungumza, bali hajui amesema *fika* au *shika*, *fua* au *shua*. Lugha haimkimbii kwa mkupuo mmoja. Humkimbia konsonanti moja baada ya nyingine.

Chanzo cha uharibifu huo ni kipi? Wengi huituhumu injini, na ni kweli kwamba vijana wanaoondoa kinyamazisha sauti katika ekzosi huwatesa wanakijiji wote. Lakini kwa mwendeshaji mwenyewe, pikipiki ikienda kasi, adui mkubwa si injini bali ni upepo. Hewa inapokutana na kichwa au kofia hukatika na kujiviringa katika vimbunga vidogo vidogo, hasa kwenye ukingo wa chini wa kofia, karibu kabisa na sikio. Watafiti waliowapima waendesha pikipiki nchini Uingereza katika miaka ya 1990 waligundua kwamba, ndani ya kofia, kelele ya upepo hufikia kadiri ya desibeli 90 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na huvuka 100 mwendo unapozidi kilomita 110. Kofia ya kinga huokoa fuvu. Haiwezi kuliokoa sikio, kwa kuwa imeachwa wazi chini ili kichwa kipite, na huko ndiko upepo unakoingilia.

Desibeli nazo zina hesabu yake ya ujanja. Si kama kilo za mahindi, ambapo kilo 93 zinaizidi kilo 90 kwa tatu tu. Kila nyongeza ya desibeli 3 huiongeza maradufu nishati inayoingia sikioni. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya kazini hupendekeza kwamba mtu akae katika kelele ya desibeli 85 kwa saa zisizozidi 8 kwa siku. Katika desibeli 88 muda huo hukatwa ukawa saa 4, katika 91 ukawa saa 2, katika 94 ukawa saa 1, na katika 100 hubakia dakika 15 tu. Kijana wa Mikinduri, katika safari moja ya alfajiri, aliweza kuumaliza mgao wa siku nzima kabla watu wa soko hawajafungua vibanda vyao.

Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo na vifupa vitatu vidogo, kuna koklea, mrija uliojikunja mithili ya koa, wenye kadiri ya chembe 15,000 za vinywele zinazogeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Chembe hizo zikichoshwa hulala, na mtu husikia mlio au huhisi kana kwamba masikio yamejaa. Akipumzika, nyingine huamka. Lakini zinazokufa hazioti tena. Nywele za kichwani hunyolewa zikarudi, hizi hazirudi. Hakuna dawa ya hospitali wala ya miti shamba inayozifufua, na kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti kwa chembe zilizosalia tu.

Sheria haikulinyamazia jambo hili kabisa. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele katika viwanda na mahali pengine pa kazi zinakataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele inayozidi kadiri ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwaka 2009 zikatungwa kanuni nyingine za kudhibiti kelele na mitetemo katika mazingira. Lakini kanuni za kiwandani humtazama mwajiri aliye na jengo, mashine na orodha ya wafanyakazi. Mwendesha bodaboda kiwanda chake ni barabara, naye ndiye mwajiri, msimamizi na mwajiriwa. Asipojiwekea kanuni mwenyewe, hana wa kumwekea.

Kijana huyu alijiwekea kanuni yake kwa njia ya kujaribu. Alianza na pamba, kama nahau inavyosema. Aliifinyanga akaitia masikioni, akapanda pikipiki hadi Meru. Upepo ukavuma kama kawaida. Pamba ina nafasi nyingi baina ya nyuzi zake, na hewa iliyobeba sauti hupenya humo kwa urahisi. Humpa mtu hisia ya kuziba bila kinga ya kuziba. Fauka ya hayo, vipande vyake huweza kubakia ndani. Kisha akajaribu vipokea sauti vya simu, kwa hoja kwamba muziki utaifunika kelele. Huko kulikuwa kuukimbia moshi na kuingia motoni. Ili muziki usikike juu ya upepo wa desibeli 90, hapana budi upandishwe kuliko upepo wenyewe, na sikio likabebeshwa mizigo miwili. Tena muziki huibeba na akili, ilhali barabara ile hupitwa na magari ya miraa ambayo dereva wake anashindana na kunyauka kwa majani.

Kizibo cha kwanza cha haki alipewa na binamu yake aliyefanya kazi kiwandani, mahali ambapo mashine hazinyamazi. Kilikuwa cha sifongo laini, chenye umbo la risasi ndogo. Binamu alimfundisha namna ya kukitumia, na mafunzo hayo yana thamani kuliko kizibo chenyewe. Mikono inaoshwa kwanza. Kizibo kinaviringishwa baina ya vidole hadi kiwe chembamba kama kalamu, bila mikunjo. Mkono wa upande wa pili unapitishwa juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma kidogo, ili njia yake iliyopinda inyooke. Kizibo kinasukumwa ndani, kisha kinashikiliwa kwa kidole kwa kadiri ya sekunde 30 hadi kifutuke na kujaza nafasi. Kikikaa vyema, mtu huisikia sauti yake mwenyewe ikiwa nzito, kana kwamba anazungumzia ndani ya mtungi. Akifunika masikio kwa viganja na kelele ikapungua sana, ajue kwamba kizibo hakijaziba.

Aina hiyo ndiyo ya bei nafuu kupita zote, na ikivaliwa sawasawa huzuia kelele kuliko nyingi. Kasoro yake kwa mtu wa bodaboda ni mbili. Kwanza, kila kinapovaliwa hutaka vidole safi, na vidole vya mwendeshaji vina vumbi jekundu, mafuta ya mnyororo na noti zilizopita katika mikono mia. Uchafu unaoviringishwa ndani ya sifongo huingia sikioni, na sikio hulipa kwa kuwasha na usaha. Pili, kizibo hicho hakioshwi kikarudia hali yake. Kikichafuka kinatupwa. Kwa mtu anayevaa na kuvua mara 10 kwa siku, hilo halifai.

Tena palikuwa na kasoro ya tatu, ambayo si ya kizibo bali ya matumizi. Siku ya pili ya kukivaa, alimbeba mama mmoja aliyetoka sokoni na mzigo wa ndizi. Walipofika njia panda, mama akasema, "Mwanangu, kata kushoto." Kijana akapitiliza. Mama akarudia, kisha akampiga begani. Aliposimama, mama akamtazama masikioni, akaona ile sifongo ya rangi ya chungwa.

"Kumbe umeziba masikio na mimi naongea na wewe?"

"Nisamehe mama. Ni ya kuzuia upepo."

"Upepo gani huu, na tunaenda pole pole hivi?"

Mama alikuwa na haki. Katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa, katikati ya watu, mbuzi na mikokoteni, hakuna upepo wa kuogopwa, na kila sauti ni habari. Huko sikio linatakiwa wazi. Ni katika mwendo wa kasi tu ndipo mambo hugeuka. Huko, honi ya gari na ngurumo ya upepo hupunguzwa na kizibo kwa pamoja, kwa hiyo honi haizami zaidi ndani ya ngurumo kuliko ilivyokuwa. Tena sikio lisilolemewa hupambanua sauti vizuri zaidi, kama vile jicho lililovaa miwani ya jua linavyoiona barabara vizuri zaidi katika mng'aro wa adhuhuri. Miwani ya jua si kitambaa cha kufunga macho. Lakini mtu akiivaa usiku atajikwaa, na kosa halitakuwa la miwani.

Kwa hiyo swali la kuchagua kizibo halikuwa tu kipi kinazuia zaidi. Kijana alikwenda katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Meru, panapouzwa glavu na viatu vya kazi, akakuta paketi zenye tarakimu tofauti. Tarakimu hizo, zinazotolewa baada ya kupima katika maabara, humdanganya asiyezijua. Kizibo kilichoandikwa 33 kwa kipimo cha Kimarekani hakipunguzi desibeli 33 barabarani, kwa sababu watu wa maabara huvishwa kwa uangalifu nao hawatikiswi na mashimo. Kanuni moja ya tahadhari inayotumiwa Marekani ni kuondoa 7 katika tarakimu hiyo, kisha kugawanya kwa 2. Kwa hesabu hiyo, 33 huwa 13, na 25 huwa 9. Upepo wa desibeli 95 ukipunguzwa 13 hubakia 82, ukipunguzwa 9 hubakia 86. Ule wa desibeli 90, ambao ndio wa mwendo wa kawaida wa bodaboda kwenye lami, hata kwa kizibo cha 25 hushuka hadi 81. Kumbe kwa kazi yake hakuhitaji ukuta wa jiwe. Alihitaji ua wa miti, unaopunguza upepo na bado unampa mwenyeji nafasi ya kusikia hodi.

Alichagua vizibo vya silikoni, vyenye pete tatu zinazopungua ukubwa kuelekea ncha, vilivyounganishwa kwa uzi. Sababu zake zilikuwa za mtu anayeijua kazi yake. Havihitaji kuviringishwa, kwa hiyo kidole hushika kikonyo tu na hakigusi sehemu inayoingia. Huoshwa kila jioni kwa sabuni na maji, vikaanikwa. Uzi huvining'iniza shingoni anapovivua, hivyo havipotei wala haviwekwi mfukoni pamoja na sarafu. Aliangalia pia urefu wa kikonyo. Kikitokeza nje ya sikio, kofia hukisukuma, na baada ya kilomita chache maumivu humlazimisha mtu kuvua kizibo au kofia, na yote mawili ni hasara. Alijaribu saizi mbili, akagundua kwamba sikio lake la kulia lilitaka kubwa na la kushoto dogo. Hilo si ajabu, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, kama miguu.

Ziko aina nyingine alizozisikia tu. Viko vizibo vyenye kichujio, ambavyo hujaribu kupunguza kelele kwa usawa katika masafa yote ili maneno yasipoteze umbo, na hivyo humfaa sana mtu anayezungumza na abiria. Viko vilevile vile vinavyofinyangwa kwa kuchukua umbo la sikio la mhusika mwenyewe. Hukaa kwa raha na hudumu kwa miaka, ila bei yake humtisha mtu anayelipa mkopo wa pikipiki. Kizibo bora, hata hivyo, si kile cha ghali. Ni kile ambacho mwenyewe atakubali kukivaa kila mara. Kinga inayovaliwa nusu ya safari hupoteza sehemu kubwa sana ya faida yake, kwa sababu ile hesabu ya maradufu haisamehi dakika zilizoachwa wazi.

Kanuni yake ikawa hivi. Sokoni na vijijini, vizibo viko shingoni. Akitoka mjini kuelekea Meru au Maua, humwambia abiria kabla ya kuwasha injini: "Mzee, nitavaa hivi kwa ajili ya upepo. Ukitaka tusimame, niguse bega." Hapo wamesikilizana, na kusikilizana huko kumefanyika kabla ya sikio kuzibwa. Akikaribia nyumba za kwanza za mji, hupunguza mwendo, husimama kando, huvivua polepole kwa kuvizungusha, asije akaivuta hewa ndani na kukiumiza kiwambo. Siku sikio likiwasha au kutoa maji, havai. Huenda zahanati kwanza.

Stejini alitaniwa. Wenzake walimwita kiziwi, wakasema ametia pamba ili asisikie akidaiwa mchango wa chama. Mmoja alimuuliza kama anaogopa upepo kama mtoto mchanga. Dhihaka hiyo haikuwa ndogo kama inavyoonekana, kwani ndiyo hiyohiyo iliyowafanya wengi wasivae kofia. Katika jamii inayomtukuza msikivu, na inayoona kwamba neno zito ni lile linalosemwa ana kwa ana, kama linavyosemwa mbele ya wazee wa Njuri Ncheke kule Nchiru, kuonekana umeziba masikio ni kama kuwageuzia watu mgongo. Alijibu kwa swali: ni nani kati yao asiyesikia nyenje usiku? Kicheko kikapungua. Wawili wakatazamana. Mmoja wao, mwenye miaka mingi zaidi katika kazi, akauliza kwa sauti ya chini iwapo lile duka la Meru bado linavyo.

Pengine msomaji ataona kwamba haya ni mambo madogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 watu karibu bilioni 2.5 watakuwa na upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Wala uziwi si aibu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka dola kuikuza Lugha Ishara ya Kenya, na imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kiziwi aliyelelewa katika lugha hiyo ana lugha kamili. Lakini mtu anayepoteza kusikia polepole akiwa na miaka 30 au 40, bila kuijua lugha ishara, hutolewa katika lugha moja bila kukaribishwa katika nyingine. Hubakia mlangoni, akitabasamu kwa kauli ambazo hakuzielewa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina upande wa istilahi. Kifaa hiki chaweza kuitwa kizibo cha sikio au kinga ya sikio. Kizibo hukumbusha chupa, na humweka mvaaji karibu na yule mkaidi wa nahau. Kinga hukumbusha ngao, na humweka karibu na mwenye hadhari. Yamkini mwendeshaji aliyeambiwa avae kinga atakubali upesi kuliko aliyeambiwa azibe masikio. Hata hivyo, kitenzi *ziba* nacho hakikosi heshima katika lugha hii, kwani wahenga hao hao walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Chembe za koklea ni ukuta usioweza kujengwa upya. Kwa ukuta wa namna hiyo, kuziba ufa mapema ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa fundi.

Kilichopotea kwa kijana wa Mikinduri hakikurudi, naye hakudanganywa kwamba kitarudi. Mlio wa usiku ulipungua, lakini haukuisha. Jioni za imla ameacha kuketi upande wa pili wa meza. Huketi kando ya binti yake, uso kwa uso, akitazama meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa [f], na ulimi ukijificha nyuma ya meno kwa [s]. Mtoto sasa hutamka kwa makini zaidi kuliko wenzake wa darasani, na mwalimu wake amemsifu kwa matamshi hayo.